Upindo wa kuviringisha kwa mkono kwenye shifoni na hariri: vifaa, mbinu, na kazi za kukataa

FundiWaNgara (mwanzisha uzi)

Wadau wa sindano, salaam.

Msimu wa harusi ukikaribia, humu ndani hujaa picha za mitandio ya shifoni yenye pindo zilizojikunyata, na swali huwa lile lile: "Nimefuata video mwanzo hadi mwisho, mbona yangu imetoka hivi?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naweka yote hapa. Ninazungumzia upindo mwembamba wa mviringo, milimita 2 au 3 hivi, unaoshonwa kwa mkono na ambao nje hauonyeshi mshono. Wa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, tutaufikia baadaye, sina ugomvi nao.

La kwanza ni kitambaa chenyewe. Nairobi hii neno "hariri" hubandikwa kitu chochote kinachong'aa. Kabla hujapanga kazi, chomoa nyuzi chache ukingoni uzichome kwa kiberiti juu ya sinki. Hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka, ikipoa inakuwa punje ngumu. Hili si la kumshika muuzaji uongo. Hariri ukiikunja kwa kucha inakumbuka mkunjo; poliesta inafunguka ukiiangalia, kwa hiyo mbinu ya moja haifai nyingine moja kwa moja. Na kama unajifunza, usianze na shifoni hata kidogo. Anza na kotoni nyepesi, voili kwa mfano, kisha krepu ya hariri, ndipo uje shifoni. Jorjeti ina mchezo wa kuruka kama chemchemi, ila walau haitelezi sana. Oganza inasimama vizuri mkononi lakini ukingo wake unafumuka ukipumua karibu.

Sindano. Watu wengi hushonea shifoni sindano ile ile ya kufungia vifungo vya shati. Kwa sindano za mkono, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Tafuta namba 10 au 11, pakiti iliyoandikwa Sharps. Wenye vidole virefu hupenda zile ndefu za washona kofia, Milliners, kwa sababu zinabeba mishono kadhaa kabla ya kuvuta. Kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji River Road na Biashara Street uliza kwa namba, usiseme tu "sindano nyembamba", utapewa ya namba 7 na tabasamu. Ipitishe ncha kwenye kipande cha shifoni kabla ya kulipa: ikikwama au ikivuta uzi, rudisha.

Uzi uwe mwembamba kuliko unavyodhani, na mmoja, usiukunje mara mbili. Urefu usizidi kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, maana mrefu unajisokota na kuchakaa kwa kupita kwenye kitambaa mara nyingi. Ukipaka nta ya nyuki, uupitishe uzi chini ya pasi katikati ya karatasi mbili kabla ya kushona, la sivyo nta itaachia doa kwenye hariri siku utakayopiga pasi nguo. Rangi ikikataa kufanana kabisa, chagua iliyokolea kidogo kuliko kitambaa. Nyeupe zaidi huonekana, iliyokolea hujificha.

Mikono. Hapa nitasema zaidi kwa sababu hakuna anayesema. Ngozi kavu ya vidole hunasa shifoni vibaya kuliko pini. Chukua sukari kijiko, mafuta ya kupikia matone machache, sugua viganja na kingo za kucha, nawa kwa sabuni hadi mafuta yaishe, kausha. Piga tupa kucha zote. Losheni usipake saa hiyo. Mapajani tandaza kitambaa cha rangi tofauti na kazi yako: cheupe ukishona nyeusi, cheusi ukishona nyeupe. Shifoni nyeusi kaa nayo dirishani mchana. Ukishona usiku chini ya balbu utakuwa unakisia.

Kukata. Kwa mtandio wa mraba au mstatili, usiamini chaki. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa ukingoni, uvute taratibu, utaacha mstari mwembamba wazi kutoka upande hadi upande. Fuata huo kwa mkasi. Ule ukingo mgumu wa kiwandani kata wote utupe; umefumwa kwa kubana kuliko kitambaa kingine, ukiuviringisha lazima ukunyate. Kitambaa kikiteleza mno, kilaze juu ya karatasi safi, kibane kwa pini nyembamba, ukate vyote viwili pamoja. Gazeti hapana, wino utahamia.

Sasa mshono. Piga mstari wa cherehani wa mishono midogo milimita 6 kutoka ukingoni. Kata ukingo ubaki kama milimita 2 nje ya mstari, lakini usikate urefu wote kwa mara moja. Kata kipande cha shibiri moja, shona, kata kingine, ili nyuzi zisipate muda wa kufumuka. Kunja kuelekea ndani mstari wa cherehani uvuke kidogo tu juu ya mkunjo. Sindano iingie ndani ya mkunjo, isafiri humo milimita 5, itoke. Moja kwa moja chini yake, pale ukingo mbichi unapoishia, chota nyuzi moja au mbili za kitambaa, zisizidi. Rudi kwenye mkunjo, safiri tena milimita 5, shuka, chota. Usikaze. Mishono itaonekana kama ngazi iliyolegea na utadhani umeharibu. Ukifika sentimita 2 au 3, shika mwanzo kwa mkono wa kushoto, vuta uzi kuelekea unakokwenda, na ukingo mbichi utajiviringisha wenyewe na kutoweka ndani.

Hapo ndipo wengi hupotelea. Uzi ndio unaoviringisha, vidole kazi yake ni kushikilia tu. Anayeviringisha kwa nguvu za vidole huishia na upindo mnene hapa, bapa pale. Na anayefurahia ngazi ikifunga huvuta mara ya pili "kwa uhakika", kisha analalamika pindo imekunyata. Vuta hadi ngazi ifunge, halafu nyoosha kile kipande kwa kidole gumba na kucha ili uzi urudi kiasi na kitambaa kipate urefu wake. Kila sentimita 3, bila kuruka.

Fundo usiweke nje. Anza na mishono miwili ya kurudi nyuma ndani ya mkunjo, mkia uuache humo humo uviringishwe pamoja.

Pasi: usikandamize upindo huu maishani mwako. Upitishe mvuke kwa juu, uguse kitambaa chenyewe lakini uishie kabla ya pindo. Ukishaulaza bapa, umegeuka upindo wa kawaida uliochukua muda mrefu kushonwa.

Maswali karibuni.

---

Kitambaa_Mtaani

Fundi, heshima. Mimi nimenunua shifoni Eastleigh, nimeichoma imetoa punje ngumu, kwa hiyo ni poliesta. Ngazi inafunga vizuri lakini nikiachia inafunguka, ukingo unachungulia nje. Nimekata milimita 2 kama ulivyosema.

---

FundiWaNgara

@Kitambaa_Mtaani angalia unachota wapi. Ukichota chini sana, mbali na ukingo mbichi, uzi unavuta mkunjo kwenda chini ukingo ubaki ukielea. Chota pale pale ukingo unapogusa kitambaa. Pia punguza safari ya ndani ya mkunjo, kwa poliesta nenda milimita 3 au 4. Itakula muda lakini itashika. Na huo mstari wa cherehani usiufumue, kwenye poliesta ndio uti wa mgongo.

---

MamaShela_SouthB

Mwanangu FundiWaNgara, umeandika vizuri na mengi nakubali, ila hapo kwa cherehani na hapo kwa vidole nina neno.

Sisi tuliofunzwa na mama zetu Pwani hatukupiga mstari wowote. Unalowesha kidole gumba na cha shahada kidogo tu, unaushika ukingo katikati, unausokota kuja kwako juu ya kidole cha shahada, sindano inafuata nyuma kwa mshono wa mshazari unaokumbatia lile roli. Mkono ukishazoea unakwenda bila kukoma. Ukiweka mstari wa cherehani kwenye hariri laini, pindo inakuwa na ubavu mgumu ndani. Ishike kwa vidole uisikie. Mtandio unapaswa kuanguka shingoni, na wenye pindo ngumu hausimami wala hauanguki.

Hata wale Wafaransa wa Hermès, ile skafu yao ya sentimita 90 kwa 90 waliyoianza mwaka 1937, huviringishwa kwa vidole na kushonwa kwa mkono. Na wao huviringisha kuja upande wa nje, ule wenye picha, siyo ndani. Kwa hiyo pindo kuonekana si aibu, bora liwe sawa.

---

FundiWaNgara

Shikamoo mama. Kwa hariri halisi sibishi. Mstari wa cherehani niliuweka kwa sababu tisa kati ya kumi wanaosoma hapa wana poliesta mkononi, na poliesta haisokotwi kwa kidole kilicholoweshwa, inacheka tu. Pia mwanafunzi akiwa na mstari wa kufuata, upana wake haupandi na kushuka. Akishakomaa autupe.

Kwa mshono wa kukumbatia, unakubali kwamba nje utaonekana vidoa vidogo?

---

MamaShela_SouthB

Marahaba. Vinaonekana ukivitafuta. Ukitumia uzi wa rangi yake na ukachota uzi mmoja, atakayeviona ni fundi mwenzako, naye atakusifu.

Jambo moja hukulisema: kitambaa lazima kivutwe kidogo unaposhona. Mkono wa kushoto peke yake hauwezi. Wazungu wa karne ya 19 walikuwa na kibanio chenye umbo la ndege kilichofungwa ukingoni mwa meza, mdomo wake unashika nguo. Mimi hubana mwanzo wa pindo kwa pini kwenye mto mzito wa kochi uliolala mapajani, nikavuta kuelekea kwangu. Mto mwepesi utakufuata.

---

FundiWaNgara

Kweli kabisa, hilo liongezwe juu. Mto au goti la jinzi, mradi pini ipite kwenye sehemu ya akiba isiyoonekana.

---

Bibi_Harusi_Desemba

Samahani naingilia mafundi. Mimi ni mteja tu. Nimeuliza bei ya kupinda mtandio mmoja wa shifoni kwa mkono, mita 2 kwa sentimita 90, na nikatajiwa bei karibu sawa na ya kushonewa blauzi nzima. Ni upindo tu jamani! Pia nina wasimamizi sita, kila mmoja gauni lenye sketi ya duara kamili ya shifoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilitaka zote za mkono zifanane.

---

FundiWaNgara

Dada, hongera kwanza. Tupige hesabu pamoja. Mtandio wako mzunguko wake ni mita 5.8. Mshono mmoja kila milimita 5 ni mishono 1,160, na kila mmoja una kuingia kwenye mkunjo na kuchota chini. Hiyo ni kabla ya kona nne na kunyoosha kila sentimita 3. Sijui fundi wako alisema ngapi, lakini kwa mtandio huo hakuuzii upindo, anakuuzia siku yake.

Sketi ya duara sasa. Kiuno cha sentimita 70, urefu wa mita 1, pindo la chini linakaribia mita 7. Mara sita ni mita 42. Mimi kazi hiyo ningeikataa, na si kwa sababu ya uvivu. Sketi ya duara ina sehemu nne ambapo kitambaa kinaangukia mshazari, na hapo kinanyooka chenyewe kwa uzito wake. Ukishona leo kesho pindo limeshuka pale na kupanda hapa. Gauni lazima litundikwe usiku kucha, au zaidi, kisha likatwe upya chini likiwa limevaliwa. Baada ya hayo, watu watakuwa wanaangalia nyuso na maua, hakuna atakayeinama kuangalia vifundo vya miguu vya wasimamizi. Mkono utumie panapokaribia uso: mtandio wako, ukingo wa shingo, mdomo wa mkono wa gauni. Chini piga ovaloki.

---

Ovaloki_UhuruMarket

Hatimaye mtu amesema. Tunaonekana washenzi humu kwa sababu ya mashine.

Ovaloki nzuri inatoa upindo wa kuviringisha safi ikipangwa. Ondoa sindano ya kushoto ubaki na ya kulia, toa au rudisha nyuma kile kidole cha chuma kinachoshikilia upana wa mshono, kaza uzi wa chini, ule wa kitanzi cha chini, hadi uvute uzi wa juu uzunguke ukingo wote. Urefu wa mshono ufupishwe. Kosa la wengi ni kuacha mipangilio ya suruali halafu wanailaumu shifoni. Jaribu kwenye kipande cha kitambaa hicho hicho na kwa mwelekeo huo huo, kwa sababu ukipita mshazari inajipinda mawimbi. Kuna wanaopenda mawimbi hayo, wanaongeza hata uzi wa kuvulia samaki ndani yasimame. Mimi hapana, lakini mteja akilipa nitapiga.

Kuna pia guu la cherehani la kukunja pindo, lile lenye konokono mbele. Kwa kotoni nyepesi linafaa. Kwa shifoni linatema kitambaa kila baada ya shubiri, na kwenye mishono ya pembeni iliyonenepa linakwama kabisa.

---

Bibi_Harusi_Desemba

Asanteni, mmenifungua macho. Basi wasimamizi ovaloki. Mtandio bado nataka wa mkono.

---

Mwanafunzi_Kayole

Fundi na mama, kona! Pande zote nne zangu zimetoka sawa ila kila kona ina kinundu kama punje ya maharagwe. Na nyingine imetoka mkia.

---

MamaShela_SouthB

Usifike kwenye kona ukiwa umeshaviringisha, ndio kinundu hicho. Simama sentimita 1 kabla. Kata ncha ya kona mshazari, kidogo sana, kipembetatu cha milimita 2 hivi. Kunja hiyo ncha iliyokatwa kuelekea ndani, ishike kwa mshono mmoja. Sasa malizia kuviringisha upande wa kwanza hadi mwisho, upande wa pili ukae juu yake. Pale pande hizo zinapokutana piga mishono miwili midogo ya kufunga kabla ya kuendelea, usitegemee ile ngazi.

Mkia unatokea ukikata ncha kidogo mno, au ukivuta uzi wa upande wa pili kabla ya kufunga kona. Na ukikata ncha kupita kiasi itafumuka hapo hapo, kwa hiyo jizoeze kwenye vipande.

---

Mwanafunzi_Kayole

Vipande vya hariri halisi nitapata wapi kwa bei ya mwanafunzi?

---

Kitambaa_Mtaani

Gikomba, dada. Mafungu ya skafu za mitumba. Soma lebo: "soie" ni hariri kwa Kifaransa, "seta" kwa Kiitaliano. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja ukachome nyumbani. Zilizotoboka au zenye madoa huuzwa kwa bei ya chini na hazifai kwa kitu kingine, wewe unachohitaji ni kingo. Mara nyingine unakuta pindo lililoviringishwa kwa mkono, si la mashine. Utaliona kwa kuangalia mishono: ya mkono haina umbali sawa kabisa, na roli limejaa. Fumua sentimita 10 taratibu uone sindano ilipita wapi. Hilo limenifundisha kuliko video zote.

---

FundiWaNgara

Hilo la kufumua ni zuri mno. Niongeze: ukishafumua, usikate. Piga mvuke kidogo mkunjo wa zamani ulegee, kisha uviringishe tena wewe mwenyewe ukifuata matundu ya awali. Kwenye hariri matundu hubaki yakionekana kwa muda, unayo ramani.

---

Kitambaa_Mtaani

Swali la mwisho kwangu. Kuna mtu aliniambia nichemshe wanga niloweshe shifoni kabla ya kukata, inakuwa kama karatasi. Ni kweli au stori za mtaani?

---

Ovaloki_UhuruMarket

Ni kweli. Wanga mwembamba kabisa, maji ya kutiririka, si uji. Lowesha, tandaza bapa kwenye shuka safi, kausha kivulini, piga pasi ya moto mdogo, kata, shona, kisha fua utoke. Lakini kwanza jaribu kipande kidogo, kilowe na kufuliwa. Kuna hariri inayoacha alama za maji na kuna rangi zinazotoka. Kama mteja ameleta kitambaa kamili bila kipande cha ziada, usiguse wanga.

---

MamaShela_SouthB

Na kwa kusokota kwa vidole usitie wanga ukingoni. Uliokakamaa hausokoteki, unavunjika mikunjo. Wanga kwa kukata, na kwa wale wa mstari wa cherehani.

---

Bibi_Harusi_Desemba

FundiWaNgara, mtandio wangu unaweza kuuchukua? Harusi ni Desemba, kitambaa ninacho tayari.

---

FundiWaNgara

Nitumie ujumbe wa faragha, dada. Kabla ya bei nataka kitambaa chenyewe mkononi, kwa sababu hariri na poliesta sitozi sawa. Usikate wala usifue. Kama muuzaji aliacha ukingo wa kiwandani, uache ulivyo, nitauondoa mwenyewe kwa kuchomoa uzi. Na uje nao Novemba mwanzoni, Desemba sipokei kazi ya mkono.